Mnasaba: Kutoka Fungu la Nyanya hadi Jina la Mungu

Ukifika soko la mtaani kwetu kabla ya saa moja asubuhi utawakuta akina mama wakipanga nyanya. Tatu chini, moja juu: hilo ni fungu. Mikono inakwenda haraka lakini macho yako kazini, maana fungu likizidi muuzaji kapunjika, na likipungua mnunuzi anasusa. Nyanya iliyobonyea hugeuzwa, upande mzuri ukamtazama mteja. Kufika jioni neno hilohilo limeshatoka kwenye gunia na kuingia katika maisha ya watu. Aliyekosa kazi kaambulia fungu la kukosa. Aliyepata husema hilo ndilo fungu lake, Mungu kamgawia.

Nimeanzia sokoni kwa sababu neno ninalotaka kulifuata nalo lilianzia kwenye fungu. Mrusi akimtaja Mungu husema bog. Mpolandi huandika Bóg, Mcheki bůh, Mserbia na Mbulgaria husema bog vilevile. Mbali na hapo, katika Rigveda, mkusanyo wa nyimbo za dini ambao ndio utungo wa kale kuliko yote wa Kisanskriti, yumo mungu aitwaye Bhaga, na wimbo wa 41 wa kitabu cha saba ni dua ya alfajiri kwake yeye. Humo mnyonge na mfalme wote wawili wanamgeukia Bhaga wapate sehemu yao. Bog na Bhaga: sauti zinakaribiana, maana zinakaribiana. Je, ni ndugu? Na kama ni ndugu, ni wa kuzaliwa au wa kupangana nyumba moja?

Swali hilo ndilo kazi ya istilahi ninayotaka kuieleza. Katika isimu ya Kiswahili utakuta maneno ya namna hii yanaitwa maneno mnasaba. Maneno mnasaba ni maneno ya lugha mbili au zaidi ambayo kila lugha imeyarithi kutoka neno moja la lugha mama iliyozizaa lugha hizo. Uzito wote uko kwenye kurithi. Neno lililokopwa kwa jirani si mnasaba, hata lifanane vipi na la mwenyewe. Maneno yaliyofanana kwa sadfa si mnasaba pia.

Wako wanaopenda kusema maneno ndugu, na wengine maneno ya asili moja. Nimeyapima yote mawili na sikuridhika. Undugu kwetu ni mpana mno: jirani ni ndugu, mwanachama mwenzako ni ndugu, msafiri mliyekaa naye kiti kimoja hadi Morogoro anashuka akiwa ndugu. Asili moja nayo inapotosha, kwa sababu neno la mkopo na neno lililokopwa yana asili moja pasipo shaka, na bado si mnasaba. Mnasaba limetoka katika shina lilelile la Kiarabu lililotupa nasaba, na nasaba haipatikani kwa ujirani wala kwa hisani. Ama umezaliwa humo ama hukuzaliwa. Ndiyo maana naliona neno hili linafaa kuliko mengine, ingawa katika mazungumzo ya kila siku "kwa mnasaba huo" humaanisha uhusiano wowote tu.

Nasaba ya maneno inathibitishwaje? Si kwa kufanana, bali kwa utaratibu wa kutofautiana. Chukua mbuzi. Mzulu husema imbuzi, Mganda embuzi, Mkamba mbui, Mkikuyu mbũri. Kwa sikio, mbuzi na mbũri yameachana kidogo. Lakini angalia mzigo, ambao kwa Kikuyu ni mũrigo. Penye z ya Kiswahili pamekaa r ya Kikuyu, na si mara moja. Sauti zikipishana kwa mpango unaojirudia neno baada ya neno, hapo kuna mama mmoja. Carl Meinhof alipochapisha kazi yake ya sauti za lugha za Kibantu mwaka 1899, alikuwa anafuata njia hiyo, na njia yenyewe ilikuwa imejaribiwa kwanza kwenye ukoo mwingine, ule unaounganisha India na Ulaya.

Na kufanana kunavyodanganya! Kigiriki cha kale humwita mungu theos, Kilatini deus. Herufi karibu ni zilezile, maana ni ileile, na watu hao walikuwa majirani. Hata hivyo si mnasaba. Deus nasaba yake ni deva ya Kisanskriti na dievas ya Kilithuania. Theos imetoka kwenye shina jingine kabisa. Wala hatuhitaji kwenda Roma kuona mtego huu. Nasaba na nasibu, kwa mtu anayesoma Kiswahili tu, yanaonekana kama watoto wa tumbo moja. Kwa Kiarabu moja limeandikwa kwa sini na jingine kwa swadi, na ni mashina mawili yasiyohusiana: la kwanza la ukoo, la pili la fungu. Kiswahili kilipoyapokea kiliziunganisha s hizo mbili kuwa moja, na alama ya tofauti ikapotea.

Turudi kwa Waslavi na Wahindi. Zipo orodha zinazopita mkono kwa mkono zikionyesha jinsi Kirusi kinavyofanana na Kisanskriti, na nyingi ya orodha hizo ni za kweli. Kaka ni brat kwa Kirusi na bhratar kwa Kisanskriti. Mjane ni vdova na vidhava. Mbingu ni nebo, na wingu au anga ni nabhas. Moto ni ogon na agni. Kujua ni vedat, na elimu ni veda, ambalo ndilo jina la vitabu vyenyewe. Mkaza mwana, yaani mke wa mwanao, ni snokha na snusha. Mtu akizisoma orodha hizo kwa mara ya kwanza mwili unamsisimka, na ana haki.

Kosa huja kwenye hukumu. Wengine hukimbilia kusema Kirusi ni mtoto wa Kisanskriti, na wengine hugeuza, Kisanskriti kikawa mtoto wa Kislavi. Mwaka 1786 jaji Mwingereza aliyekuwa Kolkata, William Jones, aliwaambia wenzake wa Chama cha Asia kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno kiasi kwamba lazima vyote vimetoka kwenye chemchemi moja, ambayo huenda haipo tena. Kisanskriti hakikuwa mama bali dada mkubwa mwenye tungo za kale.

Ushahidi uko ndani ya maneno yenyewe. Itazame nebo ya Kirusi, ambayo wingi wake ni nebesa: e na e. Kisanskriti kina nabhas: a na a. Kigiriki kina nephos, e na o. Mahali pengi ambapo Kislavi na Kigiriki vina e au o, Kisanskriti kina a tu, maana katika tawi la Kihindi na Kiajemi irabu hizo ziliunganika. Mama aliyekwisha kuzichanganya irabu hawezi kuzaa watoto wanaozitenganisha, tena wote wakazitenganisha mahali palepale. Kwetu pia ni hivyo. Kibantu cha awali kilikuwa na irabu saba. Kikuyu kimezitunza zote saba, Kiswahili kimebaki na tano. Kiswahili kina maandishi ya kale kuliko Kikuyu, lakini hakuna mwenye akili atakayesema Kikuyu kimezaliwa na Kiswahili.

Sasa tuliweke fungu mezani tulitazame. Kisanskriti kina kitenzi bhaj, kugawa, kupata sehemu, kushiriki. Kutoka hapo limekuja bhāga, sehemu au fungu, na bhaga, bahati njema, neema, na yule mgawaji mwenyewe. Mwenye bhaga ni bhagavat, mtukufu, na ndilo neno lililo mbele ya jina la Bhagavad Gita. Mhindi wa leo akimwita Mungu Bhagwan anatumia neno hilohilo. Bhakti, ibada ya moyo, kwa asili ni kushiriki, kuwa na sehemu kwa yule unayemwabudu. Bhakta ni kilichogawiwa, kisha chakula, kisha wali. Na ndiyo maana Mbengali leo wali wake anauita bhat. Mfanyabiashara wa Kigujarati mshirika wake anamwita bhagidar, mwenye fungu katika duka.

Kuna jambo moja katika visa vya Bhaga ambalo linanigusa kuliko mengine. Vitabu vya kale vya Kihindi vinasema mungu huyu ni kipofu. Alipofuliwa macho katika sadaka ya Daksha, siku Rudra alipowavamia miungu waliomnyima sehemu yake. Mgawa mafungu hana macho, na ameyapoteza katika ugomvi wa mgawo.

Upande wa Waslavi, familia ya neno hili ni kubwa kuliko inavyoonekana ukisoma bog peke yake. Tajiri kwa Kirusi ni bogaty, yaani mwenye fungu. Maskini ni ubogi, aliye mbali na fungu. Kwa Kipolandi nafaka ni zboże, kwa Kiukreni zbizhzhia. Kwa Kicheki zboží ni bidhaa za dukani. Marehemu kwa Kipolandi huitwa nieboszczyk na kwa Kicheki nebožtík: neno lililoanza kwa maana ya asiye na fungu, masikini ya Mungu, likaishia kwa aliyekosa hata uhai. Mrusi anaposhukuru husema spasibo, ambalo zamani lilikuwa maneno mawili, Mungu akuokoe. Tajiri, maskini, nafaka, bidhaa, marehemu, ahsante na Mungu: yote yamekaa juu ya sinia moja.

Kwa sauti tu, bog na bhaga yanapita mtihani. Bh ya Kisanskriti hukutana na b ya Kislavi kila mara, kama bhratar na brat. A fupi hukutana na o. Shina linapatikana pia mbali zaidi: kwa Kigiriki phagein ni kula, kwa maana ya kupata sehemu yako ya chakula, na kwa Kitokari, lugha iliyokufa ya majangwa ya magharibi mwa China, pāke ni fungu. Ushahidi huo unatosha kusema kwamba lugha mama ya Kihindi-Ulaya ilikuwa na shina la kugawa lililoanza kwa bh na kufungwa kwa g.

Lakini hapa ndipo istilahi inapotoka jasho. Kati ya Waslavi na Wahindi walikaa watu wa lugha za Kiajemi, na si Iran tu. Waskithi na Wasarmati, wafuga farasi wa mbuga za kaskazini ya Bahari Nyeusi, walisema lugha za ukoo huo kwa karne nyingi jirani na Waslavi. Majina ya mito Don, Dnieper na Dniester yamebeba neno lao la mto hadi leo. Kwa Kiajemi cha kale, katika maandishi ya mfalme Dario yaliyochongwa mawe, mungu ni baga. Si fungu, si bahati, bali mungu kabisa, kama kwa Waslavi. Je, Waslavi walirithi bog au waliichukua kwa majirani hao?

Sauti hazisaidii, kwa sababu bh ya kale imekuwa b kwa Waslavi na b kwa Waajemi pia. Mrithi na mkopaji wangefika mahali pamoja. Inabidi kutafuta mashahidi wengine. Wa kwanza ni Walithuania, ndugu wa karibu kabisa wa Waslavi. Wao Mungu wanamwita dievas, neno la kale la ukoo mzima, na bog hawana. Bagotas yao, tajiri, wameichukua kwa Waslavi. Ulinganishe na neno la utakatifu: Waslavi wana svyat, Walithuania šventas, Avesta, kitabu kitakatifu cha kale cha Waajemi, ina spenta, na hapo urithi uko wazi kwa pande zote. Shahidi wa pili ni hatima ya neno deva. Kwa wafuasi wa Zarathustra, nabii wa kale wa Waajemi, lilishushwa likawa jina la mashetani. Waslavi nao waliacha kumwita Mungu kwa jina hilo, na katika maandishi ya kale ya Kirusi div ni kiumbe wa kutisha. Wa tatu ni kumbukumbu za Kyiv, chini ya mwaka 980, zinazosema mtawala Vladimir alisimamisha sanamu za miungu, wakiwemo Dazhbog na Stribog pamoja na Khors na Simargl, wawili ambao majina yao wataalamu wengi huyaona ya Kiajemi. Roman Jakobson, mtaalamu wa lugha za Kislavi, aliutilia mkazo mno uhusiano huu wa msamiati wa dini.

Lakini bogaty na ubogi nayo hayanyamazi. Yanaonyesha kwamba Waslavi walilijua fungu lenyewe, si jina la mungu pekee. Dazhbog pia husomeka vizuri zaidi kama mtoa neema. Hukumu yangu ni kwamba shina ni urithi na maana ya Mungu imeazimwa kwa majirani wa mbugani. Wamisionari Kyrillos na Methodios walipokwenda Moravia mwaka 863 wakaanza kutafsiri maandiko, walilikuta neno liko tayari, wakalivika maana ya Kikristo, na limebaki nayo. Basi bog na bhaga ni mnasaba kwa mwili, na kwa vazi ni mkopo. Istilahi yetu inatuwezesha kusema hivyo bila kuchanganya, na hiyo ndiyo faida yake.

Na sisi? Kiswahili si cha ukoo huo hata kwa mbali. Lakini Waajemi shina lao la kugawa walilitumia pia kuunda bakht, kilichogawiwa mtu, yaani majaliwa yake. Waarabu walilichukua, likasafiri kwa pepo za kaskazi, likafika pwani yetu likawa bahati. Kitenzi chao bakhshidan, kutoa, kutunuku, kiliwapa bakhshish, nasi tunasema bakshishi. Mchukuzi aliyenibebea sanduku kutoka kwenye boti Unguja alifuta jasho, akanyosha kiganja na kusema, "Bakshishi ya mzee, bahati yangu ya leo." Katika sentensi moja aliligusa shina hilo mara mbili, lilelile lililo ndani ya Bog na Bhagwan. Baghdad yenyewe, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, ni mji uliotolewa na Mungu, baga yuleyule wa Dario.

Hata hivyo bahati si mnasaba wa bog. Ni mkopo uliopita mikononi mwa Mwajemi na Mwarabu. Nalisisitiza hili kwa sababu tumeumizwa na mkorogo huu. Kwa miaka mingi tumeambiwa Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu kwa vile kina kitabu, bahati na riziki. Ni kosa lilelile la kumfanya Mrusi mtoto wa Mhindi, tena hapa ni kubwa zaidi, maana huko angalau ukoo upo. Mtu, mbuzi, mzigo, moto, kula, kulala: hayo ndiyo ya nasaba. Bahati tumeipokea kwa mikono miwili, ni yetu kwa matumizi, na hatuna haja ya kuighushia cheti cha kuzaliwa.

Tumekwenda hata kuliunga neno hilo na mwenzake. Bahati nasibu, tunaposema mchezo wa kubahatisha, ni fungu la Kiajemi lililokaa bega kwa bega na fungu la Kiarabu. Waarabu walikuwa wamepita njia ileile kivyao: nasibu ni sehemu, kisha majaliwa. Hakuna mnasaba hapo wala mkopo, ni binadamu wawili waliotazama mgawo na kufikiri sawasawa, kama mama wa nyanya na mtunzi wa Rigveda.

Ombi langu ni kwa wanaohariri kamusi zetu. Alama fupi ya Kar, yaani Kiarabu, pembeni ya neno inataja kituo cha mwisho tu cha safari. Nafasi ikipatikana, kwenye herufi B paandikwe: bahati, mkopo kupitia Kiarabu, kutoka Kiajemi bakht, kilichogawiwa; shina moja na bhaga ya Kisanskriti na bog ya Kislavi, ambayo ndiyo mnasaba.